AHI chini ya 5, mbona bado umechoka? Kusoma takwimu za mashine ya CPAP

Wengi wanaolala na mashine ya CPAP, ile inayopuliza hewa ili koo lisizibe usingizini, wakiamka huvua barakoa, hutazama kioo cha mashine na kusoma namba moja: AHI, yaani mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua kwa kila saa. Ikiwa 2, wanashukuru. Ikiwa 9, wanaanza siku na hofu. Namba hiyo ina maana kubwa, lakini haisemi yote inayodhaniwa kusema, na nimeona watu wakiteseka kwa kuiamini kupita kiasi na wengine kwa kuipuuza. Kabla ya kuisoma ni lazima ujue mashine yenyewe inaona nini.

Apnia ya usingizi ni kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Kwa walio wengi chanzo kiko kooni: misuli inayoiweka njia ya hewa wazi hulegea usingizi unapoingia, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma, njia inabanwa au inaziba kabisa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, mtu anaamka kwa sekunde chache na asubuhi hakumbuki kitu. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha tiba inayoelezeka kwa sentensi moja: ingiza hewa puani kwa shinikizo lisilokoma, nalo litazuia koo lisifunge. Mashine za leo bado zinafanya kazi hiyohiyo, ila sasa zinaandika pia kumbukumbu za kila usiku.

Kumbukumbu hizo zinatokana na vitu viwili tu: mtiririko wa hewa na shinikizo lake. Mashine haina waya kichwani wa kusoma ubongo wala mkanda kifuani wa kupima juhudi ya kupumua, na usipoiunganisha na kipima oksijeni cha kidoleni haijui oksijeni yako imefika wapi. Maabara ya usingizi hupima vyote hivyo. Kwa hiyo kila unachokiona kwenye ripoti, iwe apnia, kukoroma au aina ya tukio, ni hitimisho ambalo mashine imelifikia kwa kutazama hewa ikiingia na kutoka. Haijui hata kama umelala. Ukilishika hilo, nusu ya mkanganyiko wa takwimu hizi unaondoka.

AHI na mambo inayoyaficha

AHI ni jumla ya apnia na hipopnia ikigawanywa kwa saa. Kwa vipimo vya maabara, apnia ni hewa kupungua kwa asilimia 90 au zaidi kwa muda usiopungua sekunde 10. Hipopnia ni hewa kupungua kwa asilimia 30 au zaidi kwa sekunde 10 hizohizo, ikiambatana na kushuka kwa oksijeni au kushtuka kwa ubongo. Mashine ya nyumbani haioni oksijeni wala ubongo, hivyo kila mtengenezaji ameweka kanuni yake ya kuitambua hipopnia kwa kutumia mtiririko wa hewa peke yake. Ndiyo maana AHI ya mashine na ile ya maabara hazilingani sawasawa, na mashine za kampuni mbili zinaweza kumpa mtu yuleyule majibu tofauti kidogo.

Viwango vinavyotumika kwa watu wazima ni hivi: chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni tatizo jepesi, 15 hadi 30 la wastani, zaidi ya 30 ni kali. Viliwekwa kwa ajili ya uchunguzi, lakini kwenye tiba pia lengo la kawaida ni kukaa chini ya 5. Aliyegundulika na 48 na sasa yuko 3 amepata nafuu kubwa sana. Aliye na 3 na anahangaika afike 1 anafukuza kitu ambacho huenda hakipo, kwa sababu hata mtu mzima wa afya husita kupumua mara chache usiku, hasa baada ya kushusha pumzi ndefu au kujigeuza.

Tatizo la kwanza la AHI liko kwenye kigawanyo. Saa zinazohesabiwa ni zile ambazo mashine imekuwa ikipuliza, na hizo si lazima ziwe saa za kulala. Tuseme umevaa barakoa saa 8, lakini 2 kati ya hizo ulikuwa macho. Ukipata matukio 24 ndani ya saa 6 za usingizi, hali yako halisi ni 4 kwa saa, ila kioo kitasoma 3. Kinyume chake hutokea pia. Mtu aliye macho hapumui kwa mpangilio: anameza mate, anabana pumzi akijigeuza, anavuta pumzi kubwa kisha anatulia. Mashine huandika baadhi ya hayo kuwa apnia. Usiku wa kukosa usingizi unaweza kukuletea AHI mbaya bila koo lako kuwa na kosa lolote.

La pili ni wastani wenyewe. Matukio 16 katika saa 8 ni AHI ya 2, namba nzuri kabisa. Lakini kama yote 16 yametokea kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, ulikuwa na saa nzima ya apnia ya kiwango cha wastani, na saa nyingine saba zimeifunika. Hili ni jambo la kawaida. Usingizi wa ndoto, ambao ndio unaolegeza misuli kuliko usingizi mwingine wowote, huja kwa vipindi virefu zaidi kuelekea asubuhi. Wengine matukio huwajia wanapolala chali. Wengine kidevu ndicho huangukia kifuani, koo likakunjika kama mpira wa kumwagilia uliopindwa. Hapo utaona alama zimesongamana kwenye grafu na shinikizo likipanda bila kusaidia, maana hewa haiwezi kuinyoosha shingo. Mto uliopungua urefu, au kola laini ya shingo, mara nyingi huwasaidia watu wa namna hiyo kuliko kuongeza shinikizo.

La tatu ni urefu wa tukio. Apnia ya sekunde 11 na ya sekunde 55 zote zinahesabiwa moja, ingawa mwilini hazifanani hata kidogo.

La nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba AHI haihesabu muda uliolala bila barakoa. Chukua mtu ambaye bila tiba ana matukio 40 kwa saa. Anavaa barakoa saa 4, anaivua bila kujitambua, kisha analala saa 3 nyingine. Kioo kinamwonyesha 1.2 na anaondoka akiwa na furaha. Fanya hesabu ya usiku mzima: karibu matukio 5 kwenye saa 4 za mwanzo, na 120 kwenye saa 3 za mwisho. Jumla 125 ukigawa kwa 7 ni karibu 18 kwa saa. Mtu huyu bado ana apnia ya wastani na mashine yake haikumwambia, kwa sababu ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo saa za matumizi zisomwe pamoja na AHI siku zote. Huenda umesikia kwamba saa 4 zinatosha. Kipimo hicho kinatokana na masharti ya bima: Medicare ya Marekani, kwa mfano, humhesabu mtu kuwa anaitumia mashine ipasavyo akifikisha angalau saa 4 kwa usiku katika asilimia 70 ya siku ndani ya siku 30 mfululizo. Ni mpaka wa kiutawala. Koo halijui masharti ya bima, na saa zinazoachwa bila barakoa mara nyingi ndizo za alfajiri, zenye ndoto nyingi na hatari zaidi. Vaa barakoa muda wote unaolala, pamoja na usingizi wa mchana.

Uvujaji usomwe kwanza

Kama ningeruhusiwa kutazama mstari mmoja tu kabla ya AHI, ningetazama uvujaji.

Kila barakoa ina matundu madogo ya kutolea hewa chafu ya kabonidioksaidi uliyoitoa. Hewa inayopita hapo imekusudiwa. Uvujaji unaotusumbua ni ule wa pembeni mwa barakoa na wa mdomoni. Sasa, mashine za kampuni ya ResMed huondoa hewa iliyokusudiwa kwenye hesabu na kukuonyesha ziada peke yake, na mpaka wao wa uvujaji mkubwa ni lita 24 kwa dakika. Mashine nyingi za kampuni ya Philips zilikuwa zikionyesha jumla yote, pamoja na hewa ya matundu, hivyo namba inayozidi 30 inaweza kuwa ya kawaida kabisa kutegemea barakoa na shinikizo. Watu wawili wenye mashine tofauti wakilinganisha namba zao bila kujua hili watatishana bure.

Uvujaji unatangulia kwa sababu mashine inategemea mtiririko wa hewa kujua kila kitu. Hewa nyingi ikitorokea nje, inapoteza uwezo wa kuona pumzi zako sawasawa. Matukio mengine hayaandikwi, mengine yanaandikwa bila kujulikana aina, na shinikizo linalofika kooni linapungua. AHI ya 0.8 kwenye usiku ambao nusu yake ilikuwa na uvujaji mkubwa si habari njema; ni usiku ambao mashine haikuona vizuri.

Umbo la grafu hukuambia hewa inatokea wapi. Vilele vifupi vinavyoibuka na kutulia huwa ni barakoa inayosogea unapojigeuza. Uvujaji unaopanda na kukaa juu kwa dakika nyingi, kisha ukashuka ghafla, kwa mtu anayetumia barakoa ya pua mara nyingi ni mdomo uliofunguka, hasa kama anaamka na kinywa kikavu. Wa kwanza huhitaji kusafisha mafuta ya uso kwenye mpira wa barakoa, kubadilisha mpira uliochoka, au kujaribu saizi nyingine. Kukaza mikanda kwa nguvu kuna mwisho wake: ukipitiliza, mpira unajikunja na kuvuja zaidi. Wa pili huhitaji kuzibua pua iliyoziba, au kuhamia barakoa inayofunika pua na mdomo. Na hata uvujaji ulio ndani ya mpaka, kama unakupulizia machoni au unakuamsha, ni uvujaji unaostahili kushughulikiwa.

Apnia ya koo na apnia ya ubongo

Kwenye ripoti nyingi utaona herufi OA na CA. OA ni apnia ya kuziba: njia imefunga. CA ni ile ambayo hewa imesimama lakini njia iko wazi, yaani ubongo haukutoa amri ya kuvuta pumzi. Kuna pia UA, ambayo mashine imeshindwa kuijua, na mara nyingi sababu ni uvujaji.

Lakini kama hewa imesimama kwenye zote mbili, mashine inazitofautishaje? Pumzi ikisimama, mashine hutuma mitikisiko midogo ya shinikizo, kwa baadhi yake mara 4 kwa sekunde, nyingine hutuma pigo moja moja. Njia ikiwa wazi, hewa kidogo husogea kuitikia mtikisiko. Ikiwa imefunga, hakuna kinachosogea. Ni mbinu ya werevu, ila angalia inachokipima: uwazi wa njia. Hakuna mkanda wa kuonyesha kama kifua kilijitahidi. Na CA chache zinazotokea ukiwa unapitiwa na usingizi au baada ya kujigeuza ni jambo la kawaida kwa karibu kila mtu.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu inageuza tiba. Watu wawili wana AHI ya 8. Mmoja matukio yake karibu yote ni OA, na huenda shinikizo lake ni dogo. Mwingine karibu yote ni CA, na kumwongezea shinikizo kunaweza kumzidishia tatizo. Katika usingizi, kinachousukuma ubongo kuagiza pumzi ni hasa kiwango cha kabonidioksaidi katika damu. Kwa baadhi ya watu wanaoanza tiba, njia ikifunguka hewa hiyo hutoka kwa wingi, kiwango kinashuka chini ya kile kinachoamsha amri, na ubongo unasubiri. Mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki au miezi kadhaa mwili unapozoea. Ndiyo sababu madaktari wengi hawana pupa wakiona CA kwa mgonjwa mpya.

Zikidumu, zikiongezeka, au zikimpata mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, ni habari nyingine. Vivyo hivyo mashine ikiandika pumzi ya Cheyne-Stokes, ambapo pumzi hukua polepole, hupungua polepole, husimama, kisha mzunguko unaanza upya. Mpangilio huo huonekana hasa kwa wenye moyo dhaifu. Mwaka 2015 utafiti wa SERVE-HF ulionyesha kwamba wagonjwa wenye moyo usiosukuma damu vizuri na apnia ya ubongo, walipotibiwa kwa aina ya mashine inayorekebisha kila pumzi, vifo vya moyo na mishipa viliongezeka, ingawa AHI yao ilishuka. Namba ilipona, wagonjwa hawakupona. Sehemu hii ya ripoti ipelekwe kwa daktari kama ilivyo, bila kujichezea mipangilio.

Shinikizo, na vitu vidogo vilivyobaki

Shinikizo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya 4 na 20. Zenye shinikizo moja hazina mengi ya kusoma. Zinazojirekebisha hutoa namba ya kati, ambayo nusu ya usiku ulikuwa chini yake, na namba ya asilimia 95 (kampuni nyingine hutumia 90), yaani shinikizo ambalo halikupitwa isipokuwa kwa sehemu ndogo ya usiku. Hii ya pili ikigandia kwenye kikomo cha juu ulichowekewa na OA bado zipo, huenda mashine inataka kupanda na imezuiwa. Ikiwa kikomo cha chini ni 4, mashine huanza na upepo hafifu na kukimbiza matukio baada ya kutokea, na watu wazima wengi kwenye 4 huhisi hewa haitoshi. Yote mawili ni maswali mazuri ya kumpelekea daktari. Nafuu ya kutoa pumzi, ambayo hupunguza shinikizo unapotoa hewa kwa 1 hadi 3, ni ya starehe, ila kumbuka kwamba mtu wa shinikizo la 10 mwenye nafuu ya 3 anatoa pumzi kwenye 7.

Sasa yule mwenye AHI ya 1, uvujaji mdogo, saa 7 za matumizi, na bado anachoka. Atazame ubanaji wa mtiririko. Pumzi iliyo huru huchora kilima cha mviringo inapoingia. Njia iliyobanwa nusu huchora kilima kilichokatwa kileleni, bapa au chenye nundu mbili. Kubanwa huku hakufiki kiwango cha hipopnia, hivyo hakuhesabiwi kwenye AHI, lakini kunaweza kumchosha mtu anayepigania kila pumzi na kushtuka mara kwa mara. Baadhi ya mashine huyaandika mashtuko hayo kwa kukisia, kwa herufi RE. Isipoonekana dalili hiyo, tafuta nje ya mashine: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona, dawa zinazoleta usingizi, au saa za kulala ambazo ni chache tu.

Ripoti ya kioo na ile ya simu ni muhtasari. Undani uko kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa mashine zilizo nayo, na unaweza kusomwa kwa programu ya bure iitwayo OSCAR, inayotunzwa na watu wa kujitolea na iliyotokana na programu ya awali ya SleepyHead. Ifunge kadi isiandikwe kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta. Humo utaona pumzi moja moja, saa ya kila tukio, na mistari ya uvujaji na shinikizo ikiwa imepangwa sambamba, nawe utajua uvujaji ulitangulia tukio au ulifuata.

Usihukumu kwa usiku mmoja. Pombe ya jioni, mafua, dawa ya usingizi au kulala chali vinatosha kuibadilisha namba, na kesho ikarudi. Tazama wiki mbili au zaidi. Ukibadilisha barakoa, usibadilishe mto wiki hiyohiyo, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Ukienda kliniki beba usiku wa kawaida mmoja na usiku mbaya mmoja, orodha ya dawa zako, na maelezo ya jinsi unavyojisikia mchana. AHI inayokaa juu ya 5 kwa wiki kadhaa uvujaji ukiwa mdogo, CA zinazozidi OA, au pumzi ya Cheyne-Stokes, zote zinahitaji miadi ya karibu. Na ukisinzia ukiendesha gari, hata kama kioo kilisoma 0.5 asubuhi ile, acha usukani leo na mpigie daktari leo.